Mita Moja na Nusu Nyuma ya Nyumba Yangu

Jana usiku, mvua ikipiga bati, niliota mtu anapiga hodi kwenye chumba cha mama, tena kwa adabu zote.

Chumba hicho nilikijenga mwenyewe uani kwa siku kumi na moja, bila kibali. Mama alikuwa ametoka kijijini na magoti yake mabovu, nami sikutaka alale kwenye mkeka sebuleni kama mgeni wa msiba. Bi Agripina, afisa mipango miji wa halmashauri, akaja na futi kamba yake, akasema ukuta umekaa kwenye njia ya maji. Akaniachia X nyekundu ukutani na neno BOMOA. Nilimnunia, na chai sikumpa. Alipoondoka tu nikaipaka ile X chokaa, mkono wa kwanza na wa pili, na jioni ile ile nikamhamishia mama humo. Nilijiona mjanja.

Basi, ndotoni nafungua mlango. Nje wamesimama Mita Moja na mdogo wake, Nusu. Nusu amebeba godoro.

"Shikamoo," anasema Mita Moja. "Sisi ndio nafasi iliyotakiwa kubaki kati ya ukuta wako na mtaro. Ulipojenga, ulitukalia."

"Marahaba. Siku hizi mnalala wapi?"

"Kwa jirani yako. Lakini kule wapo wa kwake, tunabanana."

Nawaambia poleni. Nageuka niwaonyeshe sebule, nakuta tumekaa kwenye benchi la halmashauri, mchana kweupe, tuko kwenye foleni. Mbele yetu kuna nyumba ya ghorofa iliyokuja kuomba kibali cha ngazi, maana wakazi wake hawajashuka tangu Pasaka. Nyuma yetu kipo kitanda cha mama, na mama mwenyewe juu yake anakoroma. Hakuna anayeshangaa.

Dirishani hayupo Bi Agripina. Yupo X, mikono miwili na miguu miwili, anajikung'uta chokaa mabegani.

"Ulinipaka mara mbili," ananiambia.

"Naomba radhi."

"Ilinibana kifua. Haya, anayefuata ana shida gani?"

"Ni mimi," inajibu sauti kutoka mlangoni. Ni Mtaro, kofia mkononi, anachuruzika. "Naomba kupita. Nimepita pale tangu babu yake huyu bwana hajanunua kiwanja. Maji hufuata mkondo, sikuitunga mimi methali hiyo, lakini inanihusu. Leo nimekuta kitanda katikati."

"Huwezi kuzunguka?" namuuliza.

Mtaro anamtazama X. "Kuna fomu ya kuzunguka?"

X anapekua droo zote tatu. Hakuna.

"Basi itabidi nipite," anasema Mtaro, na naona kabisa kwamba limemuuma. "Ila mama ana magoti. Mwondoeni kwanza."

Nataka kumkimbilia mama. Miguu yangu imepigwa muhuri wa SIMAMISHA UJENZI, na haiendi popote. Naita, "Mama! Mama!" Anakoroma tu. Maji yanaingia chini ya benchi. Sijawahi kuogopa namna ile tangu nizaliwe.

X anaweka kalamu chini. Anatoka dirishani, anachuchumaa kando ya kitanda, anambeba mama mgongoni kama mtoto.

"Nishike vizuri, mama," anasema.

"Asante, mwanangu," anajibu mama bila kufumbua macho.

Nusu anashikilia mlango. Mtaro anapita, anamwambia kila aliyekaa "samahani," na kitanda kinaondoka naye.

Nikaamka. Kumekucha, mvua imekatika. Nikatoka mbio hadi uani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini, matope yamefika dirishani, na kitanda hakipo. Nikarudi ndani nikilia kwa sauti, mtu mzima mimi, na ndevu zangu.

Mama alikuwa sebuleni, amekaa kwenye mkeka, anasugua goti.

"Kassian, unalia nini asubuhi yote hii? Umefiwa?"

Nikamkumbatia. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Bi Agripina na futi kamba yake, nikajiapiza kwamba leo hii naenda halmashauri kumwomba msamaha, na akija tena hapa kwangu atakunywa chai hadi aseme basi.

"Na wewe asante kwa kunibeba usiku," mama akasema. "Nilikuwa mzito?"

Mimi sikumbeba. Nikamwinua asimame, nimtazame vizuri. Kifuani, kwenye kanga yake, palikuwa na mistari miwili myekundu iliyokatana. Nikaigusa kwa kidole. Rangi ilikuwa mbichi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hakulalamika."