Ekari Sitini Zisizo na Watu

Picha ya kijitabu cha uwekezaji ilipigwa kwa droni Jumatano saa tano asubuhi, siku aliyozikwa mzee mmoja wa kijiji jirani. Kwa desturi ya kule, siku ya mazishi hakuna anayeshika jembe wala kuwasha jiko, na asiyefika msibani hutozwa faini. Kwa hiyo nyumba kumi na moja za kitongoji cha Mwanhembe, kando ya barabara ya Segese, zilionekana hazina moshi wala mtu. Donatus, afisa uwekezaji wa mji, aliitazama picha kwenye kompyuta akaandika chini yake: "Ekari sitini. Eneo wazi." Ukurasa wa kwanza aliweka methali, mgeni njoo mwenyeji apone.

Kijitabu kilizinduliwa kwenye kongamano la wawekezaji. Tangu siku hiyo, yeyote aliyekisoma hakuweza tena kuwaona watu wa Mwanhembe wala nyumba zao. Aliona majani tu. Wapima ardhi walipita jikoni kwa Lusia, mjane wa Bujiku, wakichomeka vigingi, na mmoja akakalia kinu chake akidhani ni kisiki. Lusia aliwaondolea sufuria ya moto njiani wasiungue. Ni aibu kumwunguza mgeni, hata asiyebisha hodi.

Majirani walikuwa bado wanaonana wenyewe kwa wenyewe, na kutoonwa na ofisi walishakuzoea. Lakini Lusia alikuwa na lake. Bujiku amezikwa uani, na jiwe la msingi la kiwanda cha kusafishia dhahabu lingewekwa palepale Ijumaa. Alitaka kaburi lihamishwe kwa heshima, na kwa hilo lazima jina lake liingie kwenye orodha ya fidia.

Alikwenda mjini Jumatatu. Donatus alisikia sauti kwenye kiti kitupu, akaiamkia, akaisikiliza hadi mwisho, akaiagizia soda. Kisha akatoa fomu ya fidia, ambayo inataka picha ya mdai. Alipiga kwa simu mara tatu. Kilitoka kiti, na soda iliyobaki nusu.

"Basi andika tu kwenye kijitabu chako kwamba nipo," Lusia alisema.

Donatus hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera.

"Mama, nikiandika kuwa upo, eneo linakuwa na mgogoro. Mwekezaji hafiki penye mgogoro."

Alimfungulia mlango, akaushikilia kwa muda mrefu, kwa kuwa hakujua kama ameshatoka.

Ijumaa jiwe la msingi liliwekwa juu ya kifua cha Bujiku. Kwaya iliimba vizuri, na mgeni rasmi akasifu utulivu wa eneo. Greda lilisukuma nyumba zote kumi na moja, na uzio ukazungushwa. Lusia alilia kwa sauti mbele ya hema la wageni mpaka akachoka, kisha akaenda kukaa kando ya jiwe.

Jioni alikuja mlinzi aliyeajiriwa siku hiyohiyo kutoka Geita. Alikuwa hajapewa kijitabu. Alimtazama Lusia usoni, na Lusia akainuka haraka, akajifuta machozi kwa khanga, akitafuta pa kuanzia kumweleza.

"Shikamoo, mama," mlinzi alisema kwa adabu. "Hapa hamruhusiwi. Ni eneo la mwekezaji."

"Marahaba," Lusia alijibu, akaenda kusimama nje ya uzio.