Skapulari Haijakauka

Leo Jumamosi, alfajiri, niliota nimesimama uani nikibishana na kamba ya kuanikia nguo.

Kabla ya kuendelea niseme jambo ambalo hadi asubuhi hii sikuwa nimemwambia mtu. Mama yangu, Kolastika Ndunguru, alifariki Jumanne saa nne asubuhi. Siku moja kabla, nilimvua skapulari yake, vile vitambaa viwili vitakatifu vya kuvaa shingoni, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, nikaifua. Alikuwa ameivaa miaka hamsini na mbili bila kuivua, hata bafuni, na ilikuwa inanuka jasho na mafuta ya karafuu. "Usichelewe kunirudishia, Otilia," alisema. Nikamwambia itakauka jioni. Huku kwetu Umatengo, mwezi wa tatu, hakuna kinachokauka jioni. Ukungu unapanda kutoka bondeni na kukaa juu ya nguo kama mgeni asiyejua kuaga. Mama akakata roho skapulari ikiwa bado inachuruzika kambani.

Alhamisi, kabla jeneza halijapigwa misumari, Mama mdogo Eufemia aliniuliza mbele ya watu wote, "Dada kavaa skapulari yake?"

"Anayo, Mama mdogo," nikasema.

Niliona aibu, ndiyo sababu. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu pale kigangoni, na ni mimi ninayewaeleza kwamba anayekufa na skapulari shingoni, Bikira Maria humshukia toharani, kule roho zinakotakaswa kabla ya mbinguni, Jumamosi ya kwanza na kumtoa. Habari za anayekufa bila skapulari sikuwahi kueleza, na hakuna mtoto aliyeuliza. Tangu Alhamisi nimekuwa nikiianika chini ya shuka la marehemu ili isionekane. Kila nikiigusa, imelowa.

Sasa ndoto yenyewe.

Nimesimama uani. Kamba inaniambia imechoka.

"Imekuchosha nguo gani?" nauliza.

"Hiyo iliyo chini ya shuka. Vitambaa viwili tu, lakini uzito wa jeneza."

Nafunua shuka. Skapulari inaning'inia pale, kitambaa cha mbele chenye picha ya Mama wa Mlima Karmeli, na kitambaa cha nyuma kisicho na kitu. Vyote viwili vinadondosha maji.

"Mmekauka?"

"Bado," kinasema cha mbele.

"Mimi usiniulize," kinasema cha nyuma. "Miaka hamsini na mbili nimeona mgongo tu."

"Leo ni Jumamosi."

"Tunajua," vinasema kwa pamoja.

Niliichukua nikaifumbata. Nikainama kupita chini ya shuka, na nilipoinuka upande wa pili sikuwa uani tena.

Nilikuwa toharani. Nilitegemea moto, maana ndivyo tulivyofundishwa. Kumbe ni vichanja vya kahawa, vilevile vya kwetu, vya nguzo na wavu, mstari baada ya mstari hadi macho yanachoka. Juu yake, badala ya kahawa, wamelala watu. Malaika wanapita katikati wakiwageuza kwa viganja, upande huu, upande ule, tunavyogeuza kahawa ili isioze. Hakuna anayelia. Unasikia mchakacho tu. Watu wengi kiasi kile, na mchakacho tu!

"Huku tunaanika," malaika mmoja aliniambia bila kuinua kichwa. "Wageni wapite kwa karani."

Karani alikuwa Mtakatifu Otilia, somo wangu wa ubatizo. Nilimfahamu kwa kitabu. Kwenye picha ya kigangoni amekishika vilevile, na juu yake yapo macho mawili, kwa kuwa alizaliwa kipofu akapata kuona siku ya kubatizwa. Kwenye picha macho yale hayapepesi. Hapa yalipepesa. Jicho moja liliniangalia mimi, jingine likaendelea kusoma.

"Karibu, somo," alisema.

"Ahsante, somo. Nimemletea mama skapulari yake."

"Kolastika Ndunguru. Kichanja cha arobaini." Jicho linashuka ukurasani. "Anayo."

"Hana. Hii hapa, ninayo mkononi."

"Imeandikwa anayo."

"Nani kaandika?"

Mtakatifu Otilia akakiinua kitabu, nacho kikasema kwa sauti yangu mimi, sauti ileile ya Alhamisi, tulivu na yenye heshima zake: "Anayo, Mama mdogo."

Nikatamani ardhi ipasuke. Ardhi ikapasuka, upana wa kidole, ikanisubiri. Nikaiambia basi, nilikuwa nasema tu. Ikajifunga.

"Saa sita, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, Bikira Maria anashuka," alisema somo wangu. "Haulizi mtu na hasomi kitabu. Anaangalia shingo."

"Basi niende nikamvalishe hii upesi."

"Imelowa. Kilicholowa hakipandi kichanjani, kitaozesha wengine. Mpelekee Laurenti akukaushie. Na fanya haraka, somo, saa sita si mbali."

Mtakatifu Laurenti, yule shahidi aliyechomwa akiwa hai, alikuwa nyuma ya vichanja, amelala juu ya wavu wake wa chuma, makaa mekundu chini yake. Alinipokea kwa ukarimu. Aliomba kwanza nimgeuze, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa tayari. Nikamgeuza kwa mwiko wa ugali uliokuwa umeegeshwa pale, kisha nikaitandaza skapulari karibu na kiwiko chake. Maji yakadondoka. Kaa moja likazima. La pili likazima.

"Dada," alisema Laurenti, "mimi na moto tumezoeana muda mrefu. Hii haikauki."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu amesema imezikwa. Nayo ni nguo tiifu, inajitahidi kuwa kaburini. Kaburini kuna unyevu, au siyo?"

"Mimi niko kwenye udongo tayari," kilisema kitambaa cha nyuma.

Nikakigeuza. Kilikuwa na udongo mwekundu, na ulikuwa wa baridi.

Kengele ikalia.

Jua likaanza kucheza. Nimewasimulia watoto mara nyingi habari za kule Fatima, Bikira alikotokea, jinsi jua lilivyozunguka, nami huwa nazungusha mikono hadi watoto wanacheka. Nisamehewe. Hakuna cha kuchekesha. Jua likicheza, vivuli vinakosa pa kukaa; changu kilinitoka miguuni kikakimbilia chini ya kichanja, nikabaki peke yangu kwenye mwanga. Bikira huwatokea watoto wachunga kondoo, wenye mioyo myeupe. Mimi nina miaka arobaini na sita, magoti mabovu, na uongo wa juzi.

Alishukia juu ya mti mdogo wa kahawa mwanzoni mwa mstari. Uso sikuuona, sikuthubutu. Niliona miguu, nayo haikugusa majani. Akaanza kupita. Mwenye kitambaa shingoni aliinuka akamfuata, asiye nacho alibaki akigeuzwa. Hakusimama kwa yeyote. Kichanja cha kumi. Cha kumi na tano.

Nikakimbia hadi cha arobaini. Mama amelala chali na gauni lilelile tulilomzika nalo, shingo tupu, nyembamba.

"Otilia, umeniletea?"

"Haijakauka, mama."

"Nilikuambia usichelewe."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeona nafuu.

Cha ishirini na mbili.

Nikarudi mbio kwa karani. "Somo, futa! Nakuomba ulifute hilo neno!"

"Mimi sifuti. Ulilisema mbele ya watu, ulifute mbele ya watu."

Nikageuka. Nyuma yangu yamepangwa mabenchi ya msibani, na waombolezaji wote wa Alhamisi wameketi. Mama mdogo Eufemia yuko mbele na rozari yake. Watoto wangu wa Utoto Mtakatifu wako pembeni na sare zao. Wananiangalia kimya wanavyosubiri matangazo baada ya misa.

Mdomo haukufunguka. Ulikuwa umepigwa misumari. Niliipapasa kwa vidole: minne, ya inchi tatu, ya jeneza. Nikaing'oa mmoja mmoja. Cha ishirini na saba. Cha thelathini.

"Hana," nikasema. "Nilidanganya. Nilimvua niifue, ikachelewa kukauka, akafa hana kitu shingoni. Niliona aibu kusema."

Rozari ilimponyoka Mama mdogo ikaanguka mapajani. Yale macho ya kitabuni yakatokwa machozi, machozi yakalifuta neno, na somo wangu akaandika jingine juu ya karatasi iliyolowa.

"Hana," akasoma. "Hilo sasa ni kweli. Asiye nayo anaweza kupewa."

"Apewe ipi? Ya kwake hii bado imelowa."

Macho yote mawili yakainuka yakatazama shingo yangu.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ninayo. Nilivalishwa siku ya kipaimara. Mwaka juzi kamba yake ilikatika, mama akaiunga kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha, akanicheka kwamba nimekuwa kadinali.

"Ukiivua," alisema Mtakatifu Otilia, "kumbuka na wewe una Jumamosi yako."

"Ni lini?"

Akafunua kurasa. Hakufunua nyingi. Jicho la kushoto likaangalia, kisha likafumba.

Sitajitakasa hapa: nilisita. Cha thelathini na tano nilikuwa nimesimama palepale. Cha thelathini na sita nikawaza kwamba mama ameishi miaka sabini na minane, amesali sana, pengine atatoka Jumamosi nyingine. Ndivyo nilivyowaza juu ya mama yangu mzazi. Cha thelathini na saba miguu ikaondoka, mimi nikaifuata.

Nikaivua. Nikamvalisha. Uzi mwekundu ukakwama sikioni mwake, nikauvuta. Upepo wa vazi la Bikira ukapita juu ya kichwa changu, nikajifunika uso kwa mikono yote miwili.

Nilipofunua, mama alikuwa ameinuka kiasi cha shubiri moja juu ya kichanja, hajashikwa na mtu. Nilingoja aseme kwaheri, au asante, au kwamba amenisamehe.

"Otilia," alisema, "anua nguo. Mvua inakuja."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Juu ya bati lilianguka tone, kisha la pili. Nilitoka mbio bila viatu, nikamkuta Mama mdogo Eufemia, ambaye amelala kwetu tangu siku ya msiba, amekwisha kutangulia kambani. Amekumbatia kanga mbili na shuka la mama. Mvua inamwangukia kichwani naye hasogei. Mkononi ameshika skapulari.

"Nguo zote mbichi," alisema polepole. "Hii tu ndiyo imekauka." Akaiweka shavuni kuipima, kisha akaigeuza, akaona pindo alilolishona kwa mkono wake mwenyewe. "Otilia mwanangu. Hii si ya dada?"

"Ni yake, Mama mdogo."

"Uliniambia anayo."

Nikapeleka mkono shingoni. Hapakuwa na kamba, wala kitambaa, wala uzi mwekundu. Ngozi tupu, na ya baridi. Nilipomtazama Mama mdogo, naye alikuwa anapaangalia hapohapo.

"Mama anayo," nikasema. "Asiye nayo ni mimi."