Babu Hana Meno

Katika maabara ile, aliyekula vizuri kuliko wote alikuwa Babu. Babu alikuwa chupa mbili za kioo zilizounganishwa kwa mrija wa mpira na kupashwa joto la mwili. Chupa ya kwanza, yenye tindikali, ilikuwa tumbo. Ya pili ilikuwa utumbo. Alilishwa asubuhi, akaoshwa jioni, wala hakuwahi kulalamikia chumvi.

Aliyemlisha alikuwa fundi wa maabara, kijana asiyependa kushindwa hata na kufuli. Chakula chenyewe kilikuwa punje za jeli ya protini ya njegere, zilizogandishwa zikiwa na madini ya chuma ndani, kila moja na ukubwa wa dengu. Kazi yake ilikuwa kupita tumboni zimefumba mdomo, zikafungukie kwenye utumbo. Chuma kikimwagika tumboni, mlaji hutapika. Hilo fundi hakulisoma popote. Alifundishwa na ndoo iliyokaa chini ya kitanda cha mama yake.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni na upungufu wa damu. Daktari wa upasuaji alisema hashiki kisu mpaka damu ipande. Vidonge vya chuma mama alivirudisha vyote, kama barua zilizokosa mwenyewe. Mgonjwa haulizwi uji, ni kweli, lakini tumbo lake halikuusikia msemo huo.

Kwa hiyo Babu alipofaulu mtihani wa punje, akafaulu tena, na mkuu wa maabara, mwanamke ambaye tabasamu lake lilihitaji kibali, akaruhusu zijaribiwe na watu waliojitolea, wa kwanza kujitolea alikuwa mama wa fundi. Fundi ndiye aliyempelekea kopo. Akamwambia ale kijiko kimoja kila asubuhi.

Mama akala. Mama akatapika. Damu ikapimwa, ikakutwa palepale ilipoachwa. Daktari wa upasuaji akamvuta fundi kando ya mlango, akamwambia damu isipopanda mwezi huu, uvimbe utakuwa umekwenda mahali ambapo kisu hakiufuati.

Fundi akarudi kwa Babu, akamhoji. Tindikali ilikuwa sawa, joto sawa, na punje zilivuka tumbo zikiwa nzima kama zilivyoingia. Babu akaondolewa kwenye lawama. Alibaki mtu mmoja. Fundi akaenda nyumbani, akamuuliza mama kwa kuzungukazunguka kama kuna siku husahau, au pengine punje huteleza zikaangukia kwenye sinki.

Mama alikuwa anakunja nguo. Akamaliza kwanza shati lililokuwa mkononi.

"Unaniita mwongo, baba, au unaniita mwizi? Chagua moja, nijue nikasirike vipi."

Mama akamwambia avute kiti, akafungua kopo, akatia kijiko kinywani mbele yake. Kisha akaanza kutafuna. Alitafuna taratibu, upande huu na upande ule, kama alivyowalea wanawe wote: tumbo halina meno, na asiyetafuna anamtwika mwenzake kazi yake. Ilisikika sauti ndogo, kama viatu vilivyoingia maji.

Kule kazini kulikuwa na watu wenye shahada za kutosha kuezekea nyumba. Walijenga tumbo, wakajenga utumbo, na hakuna aliyekumbuka kujenga mdomo. Fundi mwenyewe alikulia kwenye meza hii.

"Mama, hizo zinamezwa."

"Uliniambia nile. Kumeza ni kwa bata."

Hata hivyo alijaribu. Alijaribu na maji, akajaribu akiwa ameinua kichwa, na kila mara taya zilitafuna zenyewe, kabla hajaziruhusu. Kutengeneza punje ndogo kama unga, zisizonaswa na jino, kungechukua miezi, na miezi hiyo uvimbe hauwapi.

Mama akalitazama kopo kwa muda. Akachukua glasi ya maji, akamwambia mwanawe ageukie ukutani.

Fundi akageuka. Nyuma yake kitu kiligonga glasi, *kli*. Fundi alikuwa mtu mzima na hakuwahi kujua; mtaa mzima ulisifia meno ya mama yake, meupe, yamepangika kama askari wa gwaride. Hata marehemu baba alikufa akiyasifia.

"Huyo Babu wenu ana meno?" Sauti ilikuwa laini, ya mwanamke mwingine, mzee zaidi.

"Hana."

"Basi tumekuwa wawili."

Akameza. Fundi aliutazama ukuta mpaka alipoambiwa imetosha. Ikawa hivyo kila asubuhi, na ndoo ikahamia bafuni, ikarudia kazi yake ya kufulia.

Alipomweleza mkuu wa maabara, mkuu alimtazama Babu kwa muda mrefu, kama mke aliyeambiwa jambo na jirani. Kisha akaagiza mashine ya kusaga, ya kumtafunia Babu.

Damu ilipanda. Siku ya upasuaji, ukumbini, mbele ya wagonjwa na waliowasindikiza, muuguzi alitangaza kwamba mwenye meno ya bandia ayatoe. Fundi, kwa adabu, akageukia ukutani.

"Unaangalia nini huko?" mama akamuuliza.

Akageuka. Mama alikuwa ameshayatoa, ameyashika kiganjani mchana kweupe. Akamkabidhi.

"Yashike vizuri," akasema. "Nikitoka nitakuwa na njaa."