Kulia Kumekataa

Bibi alikuwa ameinama kwenye kijidirisha cha mlango, anamimina supu kwenye bakuli la mjukuu wake, aliposikia sauti kutoka ndani.

"Bibi, kulia kumekataa."

Mkono ukasita, tone la supu likaangukia sakafuni. Tangu nesi alipoleta yale majibu mabaya, kijana huyu hakuwa ametoa chozi, wala tusi, wala neno lolote refu kuliko "asante". Bibi akaweka sufuria chini.

"Kulia hakulazimishwi, mume wangu," akasema taratibu. Alimwita hivyo kwa utani tangu angali mtoto, kama bibi wengi wanavyofanya. "Kukitaka kutakuja kwenyewe. Wewe kunywa supu kwanza."

Halafu kikatoka kicheko kifupi, kikavu, kikaishia kwenye kikohozi.

"Siyo kulia huko, Bibi! Kulia kwa padi ya gemu! Kitufe cha upande wa kulia. Nabonyeza, mtu wangu hatembei."

"Aa! Si ungesema. Mimi nimeshaanza kutafuta leso."

"Na gemu hili barabara yake yote inakwenda kulia. Kushoto ukienda, hatua chache tu unagonga ukingo wa televisheni."

"Kwa hiyo umesimama tu?"

"Nimesimama tu."

Alivyolisema neno hilo, Bibi hakulipenda. Ujana wake wote alifanya kazi ya kuunganisha simu, vile vyuma masikioni, akisikiliza sauti za watu asiowaona. Alijua sauti ya mtu anayetaka kukata simu hata kabla mtu mwenyewe hajajua.

Kijana aliitwa Ngazi. Jina alipewa na wapaka rangi wenzake, kwanza kwa urefu wake, pili kwa kuwa kazi zake zote zilikuwa juu ya ngazi, kwenye kuta za majumba marefu, upepo ukimpuliza shati. Sasa alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Bibi, kilichokuwa stoo, chenye bafu dogo na dirisha linalotazama ukuta. Kifua chake kilishikwa na ule ugonjwa mkaidi unaoruka kutoka kwa mtu hadi mtu. Nesi aliweka sharti moja: kinachoingia chumbani hakitoki, isipokuwa kwa mikono yake yeye mwenyewe, amevaa glavu. Hata maganda ya vidonge vilivyomezwa yawekwe kwenye kopo, atayahesabu akija. Na Ngazi akikatiza dawa, atapelekwa kwenye wodi ya mbali, ambako hakuna mtu wa kukaa mlangoni na kuzungumza naye.

Mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Hilo ndilo lililomuuma Bibi kuliko yote. Ngazi angeweza kuusukuma kwa kidole akatoka. Alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa ajili ya mapafu ya Bibi, ambayo yalikuwa na umri wa Bibi.

Nesi alipokuja mara ya mwisho, alichukua kopo la maganda, akaacha jingine tupu, akasimama kwenye korido akiwa ameinamisha uso. Majibu ya makohozi bado machafu. Dawa zianze upya, kipindi kizima. Siku hiyo hiyo Ngazi alibandika gazeti kwenye kioo cha juu cha mlango, na Bibi hakumwona uso tena. Kwa kuhangaika, akaishusha kutoka juu ya kabati ile mashine ya zamani ya gemu, ya kaseti, ambayo mjomba wa Ngazi aliiacha alipooa. Akaifuta vumbi, akaisukuma ndani. Tangu hapo kulisikika muziki wa kengele kengele. Leo muziki ulikuwa umenyamaza.

Bibi akajifunga kitambaa kichwani, akaenda hadi kwa fundi wa redio pale kona. Kila mtu alimwita Waya, na mwili wake haukulipinga jina.

"Niletee hiyo padi, Bibi. Nitaimaliza kabla chai haijapoa."

"Haitoki."

"Basi nakuja mimi, naingia."

"Huingii."

Waya akakuna kisogo. "Sasa unataka niitengeneze kwa maombi?"

"Kwa mdomo," Bibi akajibu. "Mdomo unao, mtaa mzima unakusikia."

Waya akacheka mpaka akafunga duka. Akaja na boksi la vyuma chakavu, na ndani yake padi nyingine ya aina ile ile, iliyokufa zamani. Kebo yake ilikatika, na mipira ya ndani ilitafunwa na panya. Kutengeneza isingetengenezeka, lakini kwa kutazamia ingefaa. Akaketi kwenye mkeka koridoni, mgongo ukutani, akaanza kuifungua ili kila anachokiona kwake amwelekeze mwenzake wa upande wa pili.

"Ngazi! Unanisikia?"

"Nakusikia. Wewe si ndiye uliyetengeneza redio yangu ikabaki inashika stesheni moja tu?"

"Ilikuwa stesheni nzuri hiyo. Una bisibisi?"

"Nina brashi za rangi."

Waya akaitazama bisibisi yake ndogo, yenye mpini uliozungushiwa uzi, uliokwisha kuchukua umbo la kidole chake. Akaipitisha kwenye kijidirisha. "Shika. Hiyo ni yako sasa, kwa kuwa najua haitarudi." Bibi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Wakafungua pamoja, mmoja huku, mmoja kule. Geuza kifudifudi. Toa skrubu za nyuma. Nyanyua kifuniko polepole, vitufe visije vikatawanyika chini ya kitanda. Bibi alikaa kwenye kigoda chake kati yao, kama zamani, akisikiliza pande zote mbili.

"Chini ya ule msalaba wa vitufe kuna mpira mlaini," Waya akasema. "Ugeuze. Unaona vidoti vyeusi?"

"Naviona. Vitatu vyeusi. Cha kulia kimekuwa kijivu, kimekwanguka."

"Mgonjwa wetu ndiye huyo. Kile cheusi ndicho kinachopitisha umeme ukibonyeza. Umekibonyeza mpaka kimeisha."

"Nilikwambia, gemu lote linakwenda kulia."

"Dawa yake rahisi. Tunabandika kipande cha karatasi ya fedha juu yake. Huko ndani una vidonge, siyo? Chukua ganda tupu, lile la vidonge ulivyokwisha meza, ubandue karatasi ya nyuma."

Waya akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Sina ganda tupu," Ngazi akasema.

Bibi akainua kichwa. "Huna? Si yamo kwenye kopo la nesi?"

"Kopo halina kitu."

"Halina kitu vipi? Kila asubuhi nakuuliza umemeza, unaniambia tayari."

Hakuna kitu kinachotoka kwenye chumba kile. Kama maganda matupu hayamo, basi hayakuwahi kuwa matupu. Kila asubuhi Bibi alikuwa amesikia lile neno "tayari", yeye mwenye masikio yake ya kujivunia, akaamini kwa sababu alitaka kuamini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nesi aondoke." Sauti ilitoka chini, kama mtu aliyekaa sakafuni. "Nikivimeza sitoki, nisipovimeza sitoki. Tena nikivimeza natapika. Tofauti iko wapi, Bibi? Niambie wewe. Nimekaa humu mpaka ule ukuta wa nje naujua kila ufa. Kazi yangu ni kupaka kuta, na huo mmoja siufikii."

Bibi angeweza kumtaja nesi, na wodi ya mbali. Lakini zamani kazini alifundishwa kwamba mtu akinyamaza kwenye laini, usimkatie, na usimpigie kelele. Kaa naye. Akakaa.

Waya naye alikuwa ametazama dari, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha. Kwenye mfuko wa shati lake pakiti ya sigara ilichungulia, na ndani ya pakiti ya sigara karatasi ya fedha huwa imo, tena nzuri. Mkono wake ulipanda hadi mfukoni. Bibi aliuona. Vidole viliigusa pakiti, vikasita, kisha vikaisukuma chini kabisa isionekane.

"Afadhali hata huna," akasema kwa sauti ile ile ya ufundi. "Iliyokaa haifai, inashika unyevu. Mimi nataka ya leo, iliyobanduliwa sasa hivi."

"Ya leo?"

"Ya leo leo. Fungua kidonge kimoja. Polepole, isichanike."

Wakasikia ganda likilia kwa ndani, kisha karatasi ikikwaruza.

"Ninayo," Ngazi akasema. "Na kidonge?"

"Kidonge sikihitaji mimi," Waya akajibu. "Hakina kazi kwenye padi."

Bibi akashika ukingo wa kigoda. Halafu bomba la bafuni likafunguliwa. Likafungwa. Gazeti kwenye kioo likachanika pembeni, kidogo, kisha likabanduliwa lote, na uso wa Ngazi ukajitokeza, mwembamba, ndevu zimeota ovyo. Akaachama mdomo mbele ya kioo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akinyweshwa dawa ya minyoo.

"Na chini ya ulimi," Bibi akasema.

"Bibi jamani!"

"Nakujua tangu una meno mawili. Nyanyua."

Akanyanyua. Hapakuwa na kitu. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akageuka upande, akajifanya anatafuta sufuria yake.

Waya akaendelea kuelekeza. Kata kipande kidogo kuliko kitufe. Kisugue kwa kucha upande wa chini utoke ule utando. Gundi ile uliyobandikia gazeti, tone moja tu juu ya mpira, si mafuriko. Subiri ishike. "Lakini nikwambie ukweli, haidumu. Itatoboka haraka. Kila siku itabidi ubandue mpya."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na iwe ya siku hiyo."

Ngazi akafunga skrubu. Muziki wa kengele kengele ukaanza upya, kisha mrukio, mrukio mwingine, na mara sauti za vitufe zikakoma. Waya akadhani gundi imeachia, akaanza kuinuka. Bibi akamshika mkono akamrudisha chini.

"Bibi," Ngazi akaita baada ya muda. Sauti ilikuwa imelowa, imekatikakatika. "Kulia kumekubali."

"Nasikia," Bibi akasema.

Hakumuuliza ni kulia kupi.

Alimsindikiza Waya hadi mlango wa mbele. Pale akamtazama mfukoni. "Hivi, Waya, sigara zako siku hizi zinafungwa kwa karatasi ya aina gani?"

Waya akaangalia barabara. "Sigara naziacha, Bibi."

"Lini?"

"Nikifika kona." Akaenda zake na boksi lake, bila bisibisi.

Bibi akarudi kwenye kigoda. Mlango ulikuwa pale pale, na kipindi kizima cha dawa kilikuwa bado mbele yao, pamoja na kutapika, na nesi atakayekuja kuhesabu na kukuta pengo, ambalo itabidi Ngazi alieleze mwenyewe. Lakini kioo kilikuwa wazi. Kupitia hapo aliona kisogo cha mjukuu wake na, mbele yake, kijitu kidogo chekundu kikikimbia kuelekea kulia. Kikaruka, kikakosea, kikatumbukia.

"Nimeanguka shimoni," Ngazi akasema bila kugeuka. "Inanirudisha mwanzo kabisa."

"Anza, mume wangu," Bibi akasema, akasogeza kigoda karibu na kioo. "Mimi sina pa kwenda."