Nauli ya Kumrudisha Baba

Mtu akinisifia kwamba mume wangu ana gari, natamani kumzaba kofi. Gari si lake. Anaendesha tu teksi za kuitwa kwa simu, na ukipiga hesabu ya abiria kumi anaowabeba, wawili ni wa kampuni, wanne wa mafuta, watatu wa mwenye gari. Abiria wa kumi ndiye wetu, naye akipatikana siku ya pancha, basi tena.

Tunaishi nje kabisa ya mji, kwenye vumbi na kodi nafuu. Kurudi nyumbani na gari tupu kunammaliza yule abiria wa kumi, kwa hiyo mume wangu akaanza kulala garini, nyuma ya kituo cha mafuta. Mwanzo siku mbili, kisha wiki nzima. Pesa alikuwa anatuma bila kukosa. Binti yetu akawa anauliza kama baba ametukasirikia, nami nikachoka kutunga uongo.

Jumamosi moja nilikwenda mjini kununua nyuzi za cherehani. Nilipomaliza nikajibanza kwenye ukuta wa kile kituo, nikaita teksi: kutoka hapa hadi nyumbani kwangu. Simu humtafuta dereva aliye karibu. Ikaniletea namba ya gari lake.

Alikuja mbio, akaniona, akabaki mdomo wazi.

"Wewe! Una akili timamu kweli?"

"Nalipa nauli, bwana dereva. Twende."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mbele kidogo akapunguza mwendo.

"Hizo pesa si ndizo nilizokutumia?"

"Ndizo."

"Kampuni ilishazikata nilipozipata. Sasa inazikata tena."

Moyo uliniuma, lakini ningefanyaje? Jioni ile alikula nyumbani, binti yetu akamlalia mapajani huku akimvuta ndevu, na mimi nikasahau shida zote. Asubuhi nilimkuta anafuta vioo vya gari, hataki kuniangalia usoni.

"Mama mtoto, Jumamosi utaniita tena?" akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba mkopo.

"Nitakuita."

Wiki nzima nilishona sketi za shule, nikabana matumizi mpaka sabuni ya kufulia nikawa naikata vipande. Jumamosi mvua ilimwagika tangu kunakucha, na mvua ikinyesha kampuni hupandisha nauli. Nilikuwa nimeshavaa vizuri, nimejipaka na mafuta. Nikafungua simu niangalie kwanza. Nauli ilikuwa imepanda karibu mara mbili.

Binti yetu akaja kuchungulia begani kwangu. Siku hizi anajua kusoma namba.

"Mama, leo baba ni bei gani?"

Nikavua viatu.

"Leo yuko ghali, mwanangu."