Nusu ya Nini

Jumatatu saa mbili asubuhi mpiga pasi alilowesha ncha ya kidole, akaigusa pasi kusikiliza kama imepata moto, kisha akavaa raba zake na kufunga kamba mara mbili. Katika karakana nyingine za nguo wapiga pasi huvaa kandambili. Yeye alivaa raba kwa sababu ya meza.

Meza ya kukatia ilipoletwa ilikuwa ya kawaida tu, hatua nne kutoka ncha hadi ncha. Upande wa dirisha alikaa mkataji, mwanamume wa makamo mwenye chaki nyuma ya sikio, aliyeitwa Mkasi. Upande wa mlango alikaa mshonaji, aliyeitwa Sindano kwa ajili ya cherehani yake, na wengine walisema kwa ajili ya ulimi wake. Enzi hizo walipeana vitambaa mkono kwa mkono, na kila mmoja alijua mwenzake anakunywa chai yenye sukari kiasi gani.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, wakanuniana. Sindano ndiye aliyetangulia kusema. Alimgeukia mpiga pasi, akamwambia, "Mwambie huyo chaki yake haionekani."

Mkasi alikuwa palepale, angeweza kumshika bega. Naye alimgeukia mpiga pasi. "Mwambie anunue miwani."

Meza ikarefuka kwa upana wa vidole viwili, kila neno kidole chake.

Tangu siku hiyo kila "mwambie" ilikuwa kidole kimoja. Mkasi, mtu wa vipimo, aliipima meza kila mwisho wa mwezi na kuandika jibu kwa chaki ukutani, mpaka ukuta wenyewe ukapisha. Meza ikatoka uani, ikapita chini ya kamba za nguo, ikaingia kwa kinyozi wa jirani na kutokea mlango wa pili. Kinyozi alisogeza kiti kimoja, akapata mahali pa kuweka redio. Karani wa ardhi alikuja na faili, akapima, akaandika "meza", akaenda zake. Sasa ilikuwa hatua mia mbili na kumi. Zilikuwapo siku ambazo kwa Mkasi kulinyesha na kwa Sindano jua liliwaka, na mpiga pasi akatembea na mwavuli nusu ya safari.

Kwa kuwa ndiye aliyekwenda na kurudi, wote walimwita Posta.

Jumatatu hiyo walikuwa na kazi ya makoti meupe sitini ya watu wa maabara, ya mikono mirefu, ya kupelekwa Ijumaa. Sindano alilivaa koti la mfano. Mikono ilimpita kifundo cha mkono kidogo tu.

"Posta, mwambie apunguze nusu kwenye mikono."

Posta akaenda. Alipofika alivuta pumzi kwanza, maana magoti yake yalikuwa na miaka hamsini na mitatu kama yeye mwenyewe. "Kasema upunguze nusu kwenye mikono."

"Nusu?"

"Nusu."

Mkasi aliutazama mkono wa koti. Swali lilimfika hadi kwenye meno. Lakini swali lilikuwa hatua mia mbili na kumi kwenda na mia mbili na kumi kurudi, na juu ya hayo, Sindano angesema mkataji mzima hajui nusu. "Mwambie sawa," akajibu. Akaukunja mkono mara mbili, akaukata katikati. Akafanya hivyo kwa mikono mia moja na ishirini.

Jumatano asubuhi Posta alimpelekea Sindano mikono iliyoishia kwenye viwiko.

Bosi alikaa upande wa mlango, ndani ya ofisi ya kioo yenye kidirisha kidogo, na kupitia kidirisha hicho alizisikia habari zote. Alimwita Sindano. Posta alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika pasi.

"Mwambie Posta Ijumaa ndiyo mwisho wake," bosi alisema. "Anapoteza maneno njiani."

Posta alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Nyumbani walikula watatu, na alijua hakuna atakayeajiri magoti yale. Hakulia. Alianza safari ya kulitafuta neno lililopotea. Alitembea ameinama, akichungulia chini ya meza hatua kwa hatua. Alikuta vifungo kumi na saba, kitana cha kinyozi, na paka aliyekuwa ananyonyesha. Neno hakuliona. Alipofika mwisho alikuwa na uhakika: barua ilifika kama ilivyoandikwa. Tatizo lilikuwa kwa mwandishi na msomaji.

Alhamisi aliihamishia pasi katikati ya meza, hatua mia moja na tano, karibu na redio ya kinyozi. Akavua raba, akaketi.

"Posta!" aliita Sindano kutoka mlangoni.

"Posta imefungwa."

"Mpaka lini?"

"Anayetaka kutuma, ajitume."

Hadi saa nne hakuna aliyekuwa na kazi. Sindano alikuja akisema anafuata kitana, Mkasi akasema anafuata paka. Wakasimama kila mmoja upande wake wa meza, na mpiga pasi kati yao hakuinua kichwa.

"Nusu ya nini, dada?" hatimaye Mkasi akauliza.

"Nusu inchi, kaka. Ipo nusu nyingine?"

"Ipo nusu ya mkono. Nimeikata mia moja na ishirini."

"Ungeuliza."

"Ningekuuliza wewe? Uliyemwambia bosi ninakata kama ninachinja kuku?"

Sindano alizima redio. "Nani kasema? Bosi aliniambia wewe ndiye uliyesema ninashona magunia."

"Sijawahi kusema gunia maishani mwangu."

"Na mimi kuku wako sijamtaja."

Wakahesabu siku, wakaona bosi aliwaambia siku moja, mmoja kabla ya chai na mwingine baada yake. Wote watatu waliitazama ofisi ya kioo, iliyoonekana ndogo kwa mbali kama kisanduku cha pini. Mkasi alisema labda aliona watu wakichukiana hushindana. Sindano akasema ushindani gani huo, miaka mitatu tumeshinda nini.

Kisha akavichukua vipande viwili vya mkono, kile alicholetewa na kile kilichobakia begani mwa Mkasi, akavilaza kimoja kando ya kingine. "Tukiviunganisha hapa kwenye kiwiko, mshono utakula kiasi gani?"

Mkasi akapima. "Robo huku, robo kule." Akajumlisha. "Nusu."

"Ya nini?"

"Ya inchi."

Waliihamishia cherehani pale katikati, wakashona mpaka jioni bila kumtuma mtu. Ijumaa watu wa maabara walijaribu makoti, wakanyoosha mikono, wakaikunja, wakasema mshono wa kiwiko ni mtindo mzuri.

Wote watatu walikwenda kwenye kidirisha.

"Mjumbe hauawi, bosi," Mkasi alisema.

"Simuui. Ninamwachisha kazi." Bosi aliyatazama makoti yakipakiwa. "Basi, mwambieni abaki."

Posta alikuwa mbele yake. Meza ya bosi ikarefuka kidole kimoja, na kiti chake kikarudi nyuma.

"Na maneno uliyotuambia miaka mitatu iliyopita?" aliuliza Sindano.

Bosi alimgeukia Posta. "Waambie yaliyopita si ndwele."

"Wako hapa, bosi."

"Waambie hivyohivyo."

Kiti kikarudi nyuma tena. Bosi akavuta kalamu yake, iliyokuwa imeanza kuwa mbali.

Meza kubwa haikupungua. Mkasi aliipima mwisho wa mwezi na kuikuta vilevile, hatua mia mbili na kumi, na kinyozi alishukuru kwa ajili ya redio. Wao walitumia hatua nne za katikati.

"Kaka, punguza robo hapo."

"Robo ya nini, dada?"

"Ya inchi, na sukari ya chai yako."

Mpiga pasi siku hizi huvaa kandambili. Raba ameziweka chini ya meza, kwa ajili ya kwenda kwa bosi. Mwezi uliopita, kutoka kwenye kidirisha hadi kwenye kiti chake, zilikuwa hatua tisa. Sasa ni kumi na nne.