Mazoezi ya Kucheza

"Kandeni," alisema Mwalimu Tabea, na watoto wakakanda hewa.

Walikuwa wameketi juu ya sakafu ya saruji iliyokunywa baridi yote ya Makambako ya mwezi wa saba, masweta yamevutwa mpaka magotini. Wa mbele walifinyanga udongo usiokuwepo. Wa katikati walipanga vipande vya mbao visivyokuwepo; mmoja akajifanya nyumba yake imeanguka, wenzake wakacheka. Wa nyuma walipiga ngoma kwenye mapaja yao. Vitu vyenyewe vilikuwa chumba cha pili, kabatini, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Madam Mektilda, mwenye shule. Wafadhili walivileta ili watoto wa awali wajifunze kwa mikono yao. Madam aliona vitachakaa. Tena mzazi, alisema, halipi ada ili mtoto arudi na matope kwenye sare. Anataka arudi akisema "good morning". Basi mwaka mzima ilikuwa kuimba a, e, i, o, u na kunakili ubaoni, mpaka wageni wakija. Na wageni walikuwa wanakuja kesho.

"Jeni, tabasamu. Mtu anayecheza hununa?"

Jeni alitabasamu. Alikuwa mtoto wa Fidelia, mchoma mahindi wa stendi, na alifuata kila alichoambiwa kwa bidii ya kutia huruma.

Tabea alijua ubaya wa mambo hayo kuliko mtu yeyote pale. Chuoni alifundishwa kwamba mtoto mdogo hufikiri kwa vidole, na swali hilo lilipokuja kwenye mtihani alilijibu vizuri sana. Lakini elimu ya chuo hailipi kodi ya chumba, na wenye vyeti kama chake walikuwa tele mjini wakisubiri kibarua cha mwenzao kiote nyasi. Akawa bendera, akafuata upepo. Usiku alijiambia kwamba mwalimu mwingine angekuwa mbaya zaidi. Hakuamini, ila alilala.

Mchana ule Madam alifungua kabati kupangusa vumbi, akaloweka udongo kwenye ndoo ya kesho, kisha simu ikamwita nje. Aliporudi alimkuta Jeni amechuchumaa kando ya ndoo. Mbele yake alisimama ng'ombe mdogo mwenye nundu, pembe moja kichwani, ya pili ikiviringwa bado kati ya viganja.

"Tabea!" Sauti ilifika mpaka barabarani. "Njoo umfundishe mtoto wako adabu."

Tabea alifika. Alimwona ng'ombe kwanza. Miguu ilikuwa imara, shingo imegeuka kidogo kama ya mnyama aliyesikia jina lake, na moyo wake ukaruka kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu aanze kazi ile.

"Nani alikuruhusu kugusa?" aliuliza.

"Nilidhani ni vyetu," alisema Jeni.

Rula ilikuwa mezani. Angeweza kumchapa kwa kuigiza. Si kuigiza ndiyo ilikuwa kazi yake? Lakini Madam alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na rula ilitua kweli, kiganja cha kulia, kiganja cha kushoto, mpaka udongo ukabanduka kwenye ngozi.

"Sema hutagusa."

"Sitagusa."

Madam alimfinya ng'ombe akamrudisha ndooni.

Asubuhi gari la wageni liliingia uani. Aliyewaongoza alikuwa dada mmoja kutoka Dar es Salaam, Prisila, afisa wa mradi, amejifunga skafu mpaka masikioni na kila dakika akisema, "Jamani, hii baridi!" Nyuma yake walikuja Wazungu wachache na kamera zao. Watoto walikaa walivyopangwa. Ngoma zilipigwa, mbao zilipanda, rangi zilimwagika kidogo kama inavyopendeza pichani, na Madam akapumua.

Prisila akasimama mbele ya Jeni.

Bonge la udongo lilikuwa mezani, na mikono ya Jeni ilikuwa juu yake, ikikanda. Ilibonyeza, ikaviringa, ikavuta pembe mbili, kwa ufundi wote wa jana. Haikugusa udongo. Kila ilipokaribia ilirudi juu. Na mtoto alitabasamu muda wote, alivyoelekezwa.

"Mbona hagusi?" aliuliza Prisila. Akainama. "Mrembo, mbona hugusi udongo?"

Jeni alimtazama mwalimu wake. "Mwalimu alini—"

"Mtoto huyu ana tatizo la akili," alisema Tabea.

Alijisikia akisema. Neno lilitoka laini, bila kigugumizi, kama salamu.

Prisila aliweka mkono kifuani. "Kumbe mnapokea na watoto wenye mahitaji maalumu! Hamkutuambia."

"Ndio wito wetu," alidakia Madam, wala hakupepesa. "Hatupendi kujitangaza."

Wageni walipiga picha nyingi za mikono ile. Mmoja wao alilia. Jeni hakuambiwa aache, kwa hiyo hakuacha.

Gari lilipoondoka Madam alimshika Tabea begani kwa upendo ambao hakuwahi kumwonyesha. "Umeniokoa, mwanangu. Wanataka kutujengea darasa maalumu. Ila mmoja hatoshi. Nitafutie wengine kama yeye."

"Kama yeye vipi, Madam?"

"Wapole. Wa wazazi wasiouliza maswali."

Tabea aliitikia. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto, lakini aliitikia.

Wiki ile haikwisha kabla Fidelia hajaja kumchukua binti yake, masizi bado kwenye vidole.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama Jeni."

"Madam aliniita. Anasema akili ya mwanangu haijatimia, na kwamba wewe ndiye uliyemgundua. Atasoma bure sasa. Nyumbani anawasha jiko mwenyewe. Hindi lililoiva na bichi anajua bila kumenya. Mimi sikuona kitu, mwalimu. Ndiyo nakuuliza wewe uliyesoma."

Madam alikuwa kwenye dirisha la ofisi yake, anakunywa chai. Sentensi moja ingetosha, tena fupi. Tabea alikuwa nayo mdomoni.

"Tutamsaidia, mama," alisema.

"Kwa hiyo ni kweli."

Tabea aligeuka akamwita Jeni.

"Na mimi namtuma maji kila siku, mtoto mgonjwa!" Fidelia alifuta macho kwa mgongo wa mkono, masizi yakabaki shavuni. "Mungu anisamehe." Akafungua kitenge kiunoni, akainama. "Njoo, mwanangu. Panda mgongoni."

"Naweza kutembea, mama."

"Panda."

Jeni alipanda. Alikuwa mkubwa mno kwa kubebwa. Miguu yake mirefu ilining'inia mpaka magotini pa mama, na kitenge hakikufika vizuri mbele.

"Nivutie hapo nyuma, mwalimu," alisema Fidelia. "Nisije nikamwangusha."

Tabea alikivuta kitenge, akakikaza juu ya mikono ya mtoto, akamsaidia kufunga fundo.